Runinga: Mgeni Ambaye Hajapewa Jembe

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya methali hii sote twaijua. Mgeni akifika hukaribishwa kwa chai, akapewa kiti kizuri na kipande cha samaki kilichonona. Lakini akikaa sana hana budi kushika kazi kama wenyeji wake. Sasa katika nyumba zetu za hapa Kisumu yuko mgeni mmoja aliyeingia kitambo, akapewa mahali pazuri kuliko sote, akafunikwa na kitambaa cha kufuma asije akapata vumbi, na mpaka leo hakuna aliyemwonyesha shamba liko wapi. Mgeni huyo ni runinga. Wazee humwita televisheni, nasi vijana humwita tivi.

Katika makala haya nanuia kueleza jinsi runinga inavyogusa maisha ya watoto na ya jamaa nzima nyumbani. Wengi wanaoandika juu ya jambo hili hupanga faida upande huu na hasara upande ule, kisha wakaweka kalamu chini. Si vibaya, lakini mimi naona kuna jambo moja ambalo aghalabu husahaulika. Runinga haibadilishi nyumba kwa yale inayoyaonyesha pekee. Huibadilisha kwa saa inazozichukua. Kila saa moja ya runinga ilikuwa saa ya kitu kingine, na ni lazima tuulize kitu hicho kilikuwa nini.

ILIVYOTUFIKIA

Hapa Kenya runinga ilianza mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka wa 1964 serikali ililichukua shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1989 jina la KBC likarudi. Jirani zetu wa Uganda walianza mwaka wa 1963. Zanzibar walianza mwaka wa 1973, tena kwa picha za rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zingali na picha nyeusi na nyeupe. Lakini ndugu zetu wa Tanzania Bara hawakuwa na kituo chao cha runinga mpaka mwaka wa 1994. Hebu fikiria! Kijana wa Mwanza, anayekunywa maji ya ziwa hili hili letu, alikua na kuoa na kupata watoto kabla nchi yake haijawa na kituo upande wa bara.

Hata hapa kwetu, kwa miaka mingi kituo kilikuwa kimoja tu. Cha pili, KTN, kilianza Nairobi mwaka wa 1990. Mama hutusimulia kwamba zama zile matangazo yalikuwa na mwanzo na mwisho. Usiku ukishakuwa mwingi, kituo kilipiga wimbo wa taifa kikafunga, na aliyekuwa akitazama akabaki na chenga za kelele tu. Basi kila mtu akaenda kulala, atake asitake.

Mambo yamegeuka. Mwaka wa 2015 nchi yetu ilihama kutoka analogi hadi dijitali, na leo mwenye dekoda ndogo ana vituo vingi kuliko vidole vyake vya mikono na miguu, usiku na mchana. Naomba msomaji ashike jambo hili vizuri. Zamani kituo chenyewe ndicho kilichozima runinga. Siku hizi hakuna anayeizima isipokuwa mwenye nyumba. Kama mwenye nyumba hana habari, haizimwi.

Hata hivyo, si kila nyumba inayo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba nyumba zenye runinga inayofanya kazi zilikuwa kama 4 katika kila 10 nchini. Ndiyo sababu kwenye ploti zetu utakuta runinga moja inatazamwa na watoto wa milango mitano, wengine ndani, wengine wamening'inia dirishani kama popo. Kwa hiyo hata mtoto ambaye kwao hakuna runinga, runinga inamlea.

JIONI YA MWANAFUNZI WA KUTWA

Mimi ni mwanafunzi wa shule ya kutwa. Tunaishi Nyalenda, si mbali sana na ufuo wa Dunga. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha kupanga, kimegawanywa kwa pazia. Ndani ya pazia ni kitanda cha wazazi. Nje ya pazia ni viti, meza, jiko, ndoo za maji, na runinga. Meza ninayoandikia insha ndiyo meza ya kulia ugali, na iko hatua mbili kutoka runinga ilipo. Najua wasomaji wengi wa Nyalenda, Manyatta, Obunga na Kondele watatikisa kichwa wakisema, "Hata kwetu ni hivyo hivyo."

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mimi hufika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Ni lazima nilale saa nne usiku ili niamke saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa 4. Kuteka maji, kupika na kula huchukua saa moja na nusu. Kuosha vyombo na kupiga pasi sare huchukua nusu saa. Zinabaki saa 2 tu. Hizo ndizo saa za hesabu, kemia na fasihi. Hizo ndizo saa za wadogo zangu kuulizwa wamesoma nini. Na ole wangu, hizo hizo ndizo saa ambazo runinga imepanga vipindi vyake vitamu! Saa moja ni taarifa ya habari kwa Kiswahili. Ikiisha huja michezo ya kuigiza, moja baada ya nyingine, mpaka saa tatu habari za Kiingereza. Mwenzangu wa shule ya bweni wakati huo yuko kwenye prepu, na mwalimu wa zamu anapita na fimbo ya macho. Mimi na yeye tutafanya mtihani mmoja wa kidato cha nne.

Mtu ataniuliza, "Si usome tu, wacha wao watazame?" Ni rahisi kusema. Jicho la binadamu limeumbwa kufuata kitu kinachosonga. Ndilo lililomwokoa babu yetu kutoka kwa chui. Ukiwa na kitabu kilichotulia mbele yako na picha zinazorukaruka kando yako, jicho litakwenda kwa picha hata kama moyo hautaki. Isitoshe, maneno yanapoingia sikioni, akili haiwezi kuyasoma mengine kitabuni kwa wakati huo huo.

Hapo ndipo runinga inapotofautiana na redio. Redio huchukua masikio na kuacha mikono na macho vifanye kazi. Nyanya yangu alikuwa akichambua omena huku akisikiliza kipindi cha marehemu Leonard Mambo Mbotela, "Je, Huu Ni Uungwana?", na omena walikwisha wote wakiwa safi. Jaribu kuchambua omena huku unatazama runinga uone utakachokula.

MJI MMOJA WA MBALI

Yapo mambo ambayo wataalamu wameyachunguza. Huko Kanada, katika mkoa wa British Columbia, kulikuwa na mji mdogo ambao mawimbi ya runinga hayakuufikia kwa sababu ulikuwa bondeni. Wachunguzi waliupa jina la kuficha, Notel. Mwaka wa 1973 runinga ilikuwa karibu kuingia. Mtaalamu Tannis MacBeth Williams na wenzake wakawapima watoto kabla haijafika, kisha wakarudi miaka miwili baadaye kuwapima tena. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka wa 1986.

Waligundua nini? Kabla ya runinga, watoto wadogo wa mji ule waliwashinda wenzao wa miji mingine kwa kusoma upesi na kwa kubuni mambo mapya. Miaka miwili baada ya runinga, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Ugomvi wa watoto uwanjani uliongezeka. Hata watu wazima walipunguza kwenda kwenye mikutano na michezo ya mji wao. Mji ulikuwa ule ule na shule ile ile. Kilichobadilika kikubwa ni kwamba saa zao za jioni sasa zilikuwa na mwenyewe.

MWEZI NA OMENA

Sasa nirudi ufuoni kwetu nieleze jambo ambalo msomaji anayeishi mbali na ziwa huenda hajalifikiria. Baba yangu ni mvuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa huelea juu ya maji, omena huufuata mwanga, kisha wavuvi huzungusha wavu. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake hutapakaa ziwa zima, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita samaki. Siku hizo mashua nyingi hulala ufuoni na wavuvi hukaa nyumbani.

Kwa hiyo sisi watoto wa wavuvi wa omena baba zetu tunawapata jioni kwa siku chache tu kila mwezi, na siku zenyewe zinapangwa na mbingu. Siku nyingine zote sisi tunaporudi kutoka shule yeye anaondoka, na sisi tunapoondoka yeye anarudi kulala.

Sasa tazama runinga ilifanya nini. Siku hizo chache za mwezi zikifika, baba aliketi kitini, na sisi sote tukaketi. Mara mpira wa Ulaya, mara kipindi cha kuchekesha, mara filamu. Ukitaka kumwambia neno unaambiwa, "Ngoja kwanza, hii ni penalti!" Simlaumu baba hata kidogo. Mtu aliyekesha majini kwa wiki mbili ana haki ya kupumzika. Lakini mwezi uliisha, akarudi ziwani, na hakuna aliyekuwa amezungumza naye.

Aliyeona jambo hili ni mama. Yeye huuza samaki, na kwa kuwa huhesabu pesa zake vizuri, alianzia kwenye tokeni za stima. Alisema, "Hii tivi inakula tokeni zangu, inakula watoto wangu, na sasa inakula mwezi wangu!" Akatoa sheria: siku za mwezi, taarifa ya habari ya saa moja ikiisha, runinga inazimwa. Baba alinung'unika, nasi pia tulinung'unika, lakini mama ni mama.

Jioni ya kwanza tulikaa kama watu kwenye kituo cha matatu. Baada ya muda baba, kwa kukosa la kufanya, alimwambia mdogo wangu wa gredi ya nne, "Jaduong', leta kitabu chako unisomee." Mtoto akaleta kitabu cha Kiswahili, akafungua, akaanza kugugumia. Neno la herufi tano lilimshinda. Akabuni maneno kwa kutazama picha. Baba alikitwaa kitabu, akakiangalia, akakirudisha. Hakugomba. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Mwalimu alikuwa amelijua jambo hilo na kuliandika kwenye ripoti, lakini ripoti ilikuwa imekaa chini ya dekoda, imekunjwa.

Tangu siku ile, kila mwezi ukiwa mpevu mdogo wangu humsomea baba. Siku za giza hunisomea mimi, kurasa mbili, kabla ya katuni. Sitasema amekuwa wa kwanza darasani, maana hajawa. Anasoma polepole, lakini anasoma. Naam, runinga haikumfundisha mtoto huyu ujinga. Ilichofanya ni kuzijaza saa ambazo ujinga huo ungegunduliwa.

YAYA ASIYENGOJA JIBU

Tukitoka kwa mtoto wa shule, tumwangalie mtoto mchanga. Akina mama wengi wa hapa huamkia ufuoni au soko la Kibuye, na mtoto huachwa na dada mdogo pamoja na runinga. Runinga ni yaya rahisi. Haili, haiombi mshahara, na mtoto akiwekwa mbele yake hunyamaza.

Tatizo liko hapo kwenye kunyamaza. Mtoto hujifunza kusema kwa kujibizana. Yeye husema "ba", mama husema, "Baba? Unamtaka baba? Baba amekwenda ziwani." Mtoto hutazama midomo, hujaribu tena, hurekebishwa. Runinga husema mengi kuliko mama, lakini haingoji jibu. Mtoto aseme asiseme, yenyewe yaendelea. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Ushauri huo pia unasisitiza mtoto achezeshwe, asomewe na apate usingizi wa kutosha. Samaki mkunje angali mbichi, na ulimi wa mtoto ni vivyo hivyo.

MACHO HUONA, MIKONO HUIGA

Hali kadhalika, watoto huiga. Mwaka wa 1961 mtaalamu Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi walimpiga vile vile, hata kwa maneno yale yale. Mwaka wa 1963 alirudia kwa kutumia filamu badala ya mtu, na watoto wakaiga pia. Hatuhitaji kwenda Marekani kushuhudia. Nenda kwenye uwanja wowote wa shule ya msingi baada ya mieleka ya runinga, uone watoto wanavyorushana chini wakisema, "Hiyo haiumi!"

Serikali haijalala. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vituo vioneshe vipindi vinavyofaa jamaa yote kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku. Bodi ya Uainishaji wa Filamu nayo huzipa filamu alama: GE ni ya watu wote, PG ni ya kutazamwa kwa uongozi wa mzazi, 16 na 18 ni za waliofikisha umri huo. Lakini sheria haina miguu ya kuingia kila kibanda cha video mtaani. Mle ndani, kwa shilingi chache, mtoto wa miaka minane huketi kwenye benchi na watu wazima, akimwangalia stelingi akiwamaliza adui zake. Isitoshe, flashi na simu hazijui saa nne usiku ni nini. Kwa hiyo afisa wa kwanza wa sheria hii ni mzazi, na wa pili ni sisi ndugu wakubwa.

SIWINDHE ILIKWENDA WAPI?

Kwetu sisi Wajaluo, zamani wasichana na watoto wadogo walilala katika nyumba ya bibi mzee. Nyumba hiyo iliitwa siwindhe. Baada ya chakula, mzee huyo aliwasimulia hadithi, akawatega vitendawili, akawafundisha adabu na ukoo. Wavulana walipata mafunzo yao kwa wazee wa kiume kwenye duol, kando ya moto. Waswahili wa pwani husema "Paukwa!" watoto wakaitika "Pakawa!" Kwetu msimulizi alianza na "Chon gi lala" na kumalizia na "Thu tinda."

Ukitazama vizuri, siwindhe na runinga zinafanana. Zote ni za jioni, zote ni za hadithi, na zote hukusanya watoto. Ndiyo maana moja iliweza kukalia kiti cha nyingine bila vita. Lakini nyanya alijua ni nani anamsimulia. Kama kulikuwa na mtoto mwizi wa nyama jikoni, hadithi ya usiku huo ilimhusu fisi mlafi, na mwizi alijitambua. Runinga inasimulia watu milioni moja kwa pamoja, haijui ni nani kati yao aliyeiba nyama.

Chukua hadithi ya Nyamgondho wa Gwassi, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Alikuwa mvuvi maskini. Siku moja wavu wake ulimtoa ziwani bibi mmoja, naye akamtajirisha kwa ng'ombe wengi. Utajiri ukamlevya pamoja na pombe, akamtukana yule bibi. Bibi akaondoka kurudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Hadithi hii ni yetu, ya watu wa ufuoni, na inamfaa kila mtu ambaye amepata kidogo akaanza kudharau aliyempa. Waulize watoto wa ploti yetu majina ya mashujaa wa katuni, watakupa kumi bila kupumua. Waulize Nyamgondho ni nani. Watakuambia, "Ni mchezaji wa timu gani?"

Nyanya yangu yuko Seme. Likizo iliyopita nilimwomba anisimulie, naye akanijibu, "Nyakwara, kwani kile kisanduku chenu kimeharibika?" Alicheka, lakini niliona kwamba hakuwa akitania sana. Wazee hawa wanazeeka, na hawana marudio ya vipindi.

MEMA YAKE

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka wa 2020 shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, nilikuwa shule ya msingi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilifundisha kwa redio na kwa runinga kupitia Edu Channel. Watoto wa ploti tulikaa kwenye mkeka na madaftari mbele ya runinga hiyo hiyo ninayoisema hapa. Mwezi huo huo wa Machi kituo cha Akili Kids kilianza kutangaza vipindi vya watoto bila malipo. Kutoka Tanzania kuna Ubongo Kids, kipindi kilichoanza mwaka wa 2014, kinachofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Na Kiswahili chetu je? Sisi wa Kisumu nyumbani tunazungumza Kijaluo, barabarani Sheng', darasani Kiingereza. Kiswahili sanifu wengi wetu tumekisikia kwa watangazaji wa habari. Wazazi wetu nao walikisikia kwenye Vioja Mahakamani, na kwenye Vitimbi, kwa Mama Kayai na Mzee Ojwang', marehemu Benson Wanjau aliyetutoka mwaka wa 2015. Walicheka, na katika kucheka wakajifunza. Hilo ni jembe kamili, na runinga ililishika vizuri.

JEMBE GANI TUMPE?

Basi nikiwa mwanachama wa chama hiki cha Kiswahili, napendekeza majembe matano.

Kwanza, runinga iwe na saa ya kuwashwa na saa ya kuzimwa, na saa hizo ziandikwe kwenye karatasi zibandikwe ukutani. Isiwe inawashwa kwa sababu tu mtu ameingia nyumbani. Katika nyumba ya chumba kimoja, saa za masomo ya jioni zitangulie, vipindi vifuate.

Pili, wakati wa kula izimwe. Chakula ndicho kikao pekee ambacho hata jamaa yenye shughuli nyingi haikikosi.

Tatu, mtu mzima au ndugu mkubwa ajue kinachotazamwa, na baadaye aulize maswali. "Yule alifanya vizuri? Wewe ungefanya nini?" Swali moja laweza kumgeuza mtoto kutoka mtazamaji akawa mtu wa kufikiri.

Nne, tuitumie kujifunza. Mimi huandika maneno matatu mapya kutoka taarifa ya habari kila siku na kuyaleta chamani Ijumaa. Hapo ndipo nilipopata "mswada" na "kinara".

Tano, kila nyumba iwe na jioni zake za kuzungumza. Kwetu ni siku za mwezi. Kwenu zaweza kuwa Jumapili, au siku ambayo mama hafungui kibanda. Siku hizo simu nazo ziwekwe kando, maana simu ni runinga iliyojifunza kutembea.

Ndugu msomaji, sijasema tumfukuze mgeni. Tumekaa naye tangu 1962, amekuwa kama jamaa, na hata nyanya yangu wa Seme humtazama akija mjini. Nimesema tu kwamba nyumba ni yetu, na saa ni zetu. Mwanafunzi mwenzangu, jioni hii ukifika nyumbani, kabla hujaishika rimoti, mwambie mdogo wako alete kitabu akusomee ukurasa mmoja. Ni dakika tano tu. Hapo utajua kama mgeni wenu ameshapewa jembe, au bado anakula tu.